Goblini 60 na trolu 4: ukuta, kivuko au vichuguu?

Kamalondo_Meza
Ndugu zangu, kanuni ni za Dungeons & Dragons (mchezo wa mezani wa kuigiza kwa dadu) toleo la 5 (2014), vipimo kwa mita kama kwenye vitabu vya Kifaransa. Ramani ni uwanda wa vichuguu, kama njia ya kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi. Mzunguko wa kijiji ni mita 400, walinzi 24, mashujaa 4 wa ngazi ya 5. Mto una upana wa mita 18, maji ya magoti, na kivuko kina upana wa mita 9. Adui ni goblini 60 (viumbe wadogo) na trolu 4 (majitu), anakuja usiku. Tujenge ukuta, tuzibe kivuko, au tuwavizie vichuguuni?

Katuba_d20
Ukuta uuache. Mita 400 kwa watu 24, kila mmoja analinda karibu mita 17. Goblini 15 wakivamia sehemu moja wameshapita. Kivukoni watu 6 wanatosha kuziba, mmoja kila mita 1.5. Majini kila mita huhesabiwa mbili, kwa hiyo goblini wa mwendo wa mita 9 anasogea 4.5 tu: raundi 4 (mizunguko ya zamu) waziwazi. Akikimbia ni raundi 2, lakini hapo hashambulii.

Mstari wa pili wape mikuki mirefu ya kufika mita 3. Mkuki wa kawaida unaishia 1.5, hauwezi kumpita mwenzako wa mbele. Wengi wanalisahau hili, nusu ya walinzi wanabaki watazamaji.

Mama_Ruashi
Yaya Katuba, hizo ni hesabu za mchana. Mlinzi mwenye upinde (+3 juu ya dadu ya pande 20) dhidi ya kinga 15 ya goblini (jumla anayopaswa kufikia) hupata 45%. Asipomwona adui anarusha dadu mbili na kuchukua ndogo: 20%. Yaani katika mishale 20, inayopata inashuka kutoka 9 hadi 4! Msiwashe taa upande wenu, zitawaangaza ninyi. Wekeni marundo ya kuni yanayowaka ng'ambo, kwani mwenge huzimika baada ya saa 1.

Trolu ana uhai 84 na hurudisha 10 kila zamu yake inapoanza, isipokuwa ameguswa na moto au tindikali. Chupa moja ya mafuta hufunika mraba wa mita 1.5 na kuwaka raundi 2. Kwa mita 9 ni chupa 6, zimwagwe ukingoni pakavu, walinzi wasimame mraba mmoja nyuma.

Kampemba
Kuvizia sikubali. Goblini hujificha kwa kitendo cha ziada (bila kupoteza shambulio), vichuguu vitawafaa wao kuliko sisi. Lakini kichuguu kimoja kilicho mita 25 nyuma ya maji ni dhahabu. Ukingo wa mbali unakuwa mita 43, na upinde mrefu hupiga hadi 45 bila adhabu (ile ya dadu mbili). Upinde mfupi wa goblini bila adhabu mwisho 24. Upinde unataka mikono miwili, ngao inawekwa chini, kinga inashuka kutoka 16 hadi 14. Robo tatu ya mwili ikisitirika unaongeza 5, unapata 19: goblini anakupata kwa 30% badala ya 55%.

Kamalondo_Meza
Basi 6 mbele, 6 wa mikuki mirefu, 12 kichuguuni. Mafuta awashe nani?

Mama_Ruashi
Shujaa mwenye uchawi wa moto, ashikilie kitendo chake mpaka trolu wa kwanza akanyage ukingo. Mkiwasha kwa ajili ya goblini, trolu watafika moto umeshazimika.