Mwiko wa kaya: tupeane uzoefu, wewe ulikatazwa nini?

Wanajamvi, habari zenu. Kwetu Kwale nilisikia "pale ni mwiko" kabla sijajua pale pana nini. Kayani, yaani kwenye msitu mtakatifu wa sisi Wamijikenda wa pwani ya Kenya, hukati mti, huokoti kuni hata iliyoanguka yenyewe, hutoki na jani. Nilipoingia Kaya Kinondo nikiwa mtu mzima, mzee wa kaya alitufunga kaniki kiunoni kwanza, akatuambia tusipaze sauti. Kuna upande hakutupeleka, na hatukumbishia. Mimi naamini mwiko huo ndio ulioubakiza msitu ule, maana ardhi ya Diani, kwenye eneo la kaya hiyo, inavyogombaniwa mnajua. UNESCO ilizitambua kaya za Wamijikenda mwaka 2008, lakini wazee walishazilinda vizazi na vizazi. Haya, nanyi semeni.

Mgiriama: Kwetu mwiko mzito ni kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa ya kumkumbuka marehemu. Kikishasimikwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, hakiguswi. Hata mji ukihama, chenyewe kinabaki mpaka mchwa wakimalize. Cha babu yetu kiliibwa usiku. Mvua ilipokosekana msimu ule, nyanya hakutafuta sababu nyingine. Hadi leo hatujui kiko wapi. Vigango vingi viliuzwa vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na viwili viliporudishwa kwa wenyewe mwaka 2007 nililia, ingawa havikuwa vyetu. Anayenunua kigango ananunua kaburi la mtu, na sijui kwa nini jambo hilo ni gumu kueleweka.

Binti wa Kaloleni: Pole sana ndugu yangu. Sisi tulikatazwa kuitaja Kaya Fungo kwa mzaha. Nyanya alikuwa akisimulia jinsi Waingereza walivyoilipua kwa baruti mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi yao, kuwaapisha watu huko wasitoe kodi wala vijana wao. Akifika hapo sauti inabadilika, nasi tunanyamaza.

Mduruma: Mjomba wangu alikata mti wa kaya ajengee banda. Wazee wakamtoza mbuzi na kuku wa tambiko. Alilipa bila kubisha, na mti wenyewe hakuruhusiwa kuuchukua.

Asanteni. Mduruma, mbuzi huyo aliliwa na nani? Kwetu mwenye kosa haonji hata mchuzi. Na Wamijikenda wenzetu Warabai, Wachonyi na Wajibana mbona kimya? Tunawasubiri.