Kwa nini watawala wa Kipashtuni wa Afghanistan walikuwa wanamalizana wenyewe kwa wenyewe?

mzee_wa_ramani aliuliza:

Wakuu habari za jioni. Nafuatilia historia ya Afghanistan tangu ilipoanza kama dola pale Kandahar mwaka 1747 na kuna kitu kinanisumbua. Ahmad Shah Durrani alijenga dola kubwa kweli, kuanzia Khorasan mpaka Punjab na Kashmir, mwaka 1761 akawatandika Wamaratha wa India pale Panipat, lakini tangu afariki 1772 hata miaka 50 haijaisha tayari wajukuu zake wanatoboana macho, leo huyu yuko kwenye kiti kesho yuko ugenini India anaomba hifadhi. Nikiuliza watu naambiwa "hao ndo walivyo, ni watu wa vita". Hilo jibu silikubali kabisa, hakuna watu walioumbwa kwa ajili ya vita, lazima kuna sababu. Mwenye kuijua hii historia anisaidie, hasa haya mambo ya koo za Sadozai na Barakzai yananichanganya mno.

kalamu_ya_mwanzi alijibu:

Mkuu umefanya vizuri kulikataa hilo jibu, maana linafunga mjadala kabla haujaanza.

Anza na Ahmad mwenyewe alivyopata kiti. Nadir Shah wa Uajemi aliuawa na maofisa wake mwaka huohuo 1747, na Ahmad alikuwa kwenye hilo jeshi, kijana wa miaka ishirini na kitu anaongoza wapanda farasi wa Kiabdali (Abdali ndo jina la zamani la kabila la Durrani). Wakarudi Kandahar, wazee wa koo wakakaa jirga, yaani baraza lao, wakavutana sana kwa sababu kila mkubwa anajiona anafaa. Inasimuliwa kwamba faqiri mmoja anaitwa Sabir Shah akachuma suke la nafaka akamchomekea Ahmad kwenye kilemba, taji likawa ndo hilo. Ukoo wake wa Sadozai uliheshimika lakini watu wake hawakuwa wengi, wenye watu ni Barakzai, na mkubwa wao Haji Jamal Khan akakubali kumwachia. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mfalme yuko pale kwa ridhaa ya makhan, yaani wakubwa wa koo, na Barakzai ndo walioshika ngazi. Hapo ndo mzizi wa yote unayoyasoma.

Sasa njoo kwenye urithi. Hakukuwa na sheria kwamba mtoto wa kwanza ndo anarithi. Timur Shah, mtoto wa Ahmad, alifariki 1793 akaacha watoto wa kiume zaidi ya 20 wa mama tofauti tofauti, na baadhi alishawapa mikoa, Humayun yuko Kandahar, Mahmud yuko Herat, kila mmoja ana askari wake, anakusanya kodi yake na nyuma yake kuna wajomba zake wanaomsukuma. Zaman Shah akapata kiti kwa sababu mkubwa wa Barakzai, Payinda Khan, alisimama naye. Humayun akakamatwa akatobolewa macho. Walikuwa wanapofushana kwa sababu kipofu hawezi tena kudai ufalme, kwahiyo unammaliza ndugu yako kisiasa bila kumuua.

Halafu Zaman akafanya kosa ambalo mimi naliona ndo kubwa kuliko yote, mwaka 1799 akamuua Payinda Khan, yuleyule aliyemweka. Mtoto wa Payinda, Fateh Khan, akatoroka akaenda kuungana na Mahmud, wakarudi wakachukua Kandahar kisha Kabul. Zaman akakimbia usiku akaingia kwenye ngome ya mtu mmoja wa kabila la Shinwari kuomba hifadhi, na kwa Wapashtuni mgeni aliyeomba hifadhi hatolewi, lakini yule bwana akamsaliti. Inasimuliwa kwamba kabla hajakamatwa aliichomeka almasi ya Koh-i-Noor kwenye ufa wa ukuta wa chumba alichofungiwa. Naye akatobolewa macho, akaishi kipofu miaka mingi, akafia India.

tausi_mkimya alijibu:

Nakubaliana na kalamu ila ameiacha pesa, na bila pesa hii hadithi haieleweki. Ahmad Shah aliwatuliza makhan kwa ngawira na kodi za India, Punjab, Kashmir, Sindh. Dola ilikuwa inakula huko. Sasa wakati wajukuu wanagombana Kabul, Masingasinga chini ya Ranjit Singh wanachukua nchi kipande kwa kipande, Lahore 1799, Multan 1818, Kashmir 1819, mwisho Peshawar yenyewe 1834. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Hata ile Koh-i-Noor, mwaka 1813 Shah Shuja, mdogo wake Zaman, akiwa mkimbizi Lahore, akabanwa mpaka akaitoa mikononi mwa Ranjit Singh. Hela ikiisha mfalme anakuwa hana cha kumpa khan, na khan anamtafuta mwana wa mfalme mwingine mwenye ahadi nzuri zaidi.

Na ulipouliza Sadozai na Barakzai mwisho wake ni 1818. Fateh Khan alikuwa ndo waziri, nchi yote anaiendesha yeye, Mahmud ni jina tu. Wakaenda Herat kumtoa ndugu wa mfalme, mdogo wake Fateh anayeitwa Dost Mohammad akaingia mpaka kwa wanawake akamvua binti wa kifalme vito vyake. Kwa hawa watu hiyo ni fedheha isiyosameheka. Kamran, mtoto wa Mahmud, akamkamata Fateh Khan akamtoboa macho, baadaye akakatwakatwa vipande mbele ya wakubwa wa nchi kwa sababu alikataa kuwaandikia ndugu zake wajisalimishe. Ndugu zake wakainuka wote, Sadozai wakabaki na Herat tu, na Dost Mohammad akaishika Kabul 1826. Lakini hata hao Barakzai nao wakaanza, huyu Kandahar, huyu Peshawar, huyu Kabul, hawasikilizani!

mwanamgambo77 alijibu:

Samahanini jamani, mnaongea kama vile Wapashtuni ni Durrani peke yao. Ghilzai, kabila lingine kubwa la Wapashtuni, mmewaweka wapi?? Kabla hata huyo Ahmad hajachaguliwa, Mirwais Hotak aliitoa Kandahar mikononi mwa Uajemi 1709, na mtoto wake Mahmud akaiteka Isfahan 1722, mji mkuu wa Uajemi wenyewe! Na mchezo ulikuwa uleule, Mahmud alimuua baba yake mdogo Abdul Aziz ili akae yeye, na 1725 akapinduliwa na binamu yake Ashraf. Rudi nyuma zaidi kuna Sher Shah Suri, 1540 alimfukuza Humayun wa Mughal kutoka India, akatawala miaka 5 tu lakini akatengeneza barabara kuu na rupia ya fedha, ambayo ukoo wake ulifika mpaka kwenye rupia walizotumia babu zetu huku pwani. Alipokufa 1545 warithi wake wakagombana, na 1555 Humayun akarudi.

Na Waingereza walipomrudisha Shah Shuja 1839, Ghilzai wa mashariki walikuwa wanalipwa ili njia za milimani zibaki wazi. 1841 wakapunguziwa malipo, wakazifunga. Januari 1842 jeshi la Waingereza lilipotoka Kabul na wafuasi wake, watu kama 16,000, liliishia kwenye milima hiyohiyo.

mzee_wa_ramani aliandika:

Aisee nimeelewa sana, asanteni. Sasa niulize, kama tatizo ni urithi na pesa, Abdur Rahman, mjukuu wa Dost Mohammad, alitawalaje 1880 mpaka 1901 akafia kitandani, na mtoto wake Habibullah akarithi bila vita?

kalamu_ya_mwanzi alijibu:

Hapo umegusa penyewe. Abdur Rahman aliziba yote mawili. Pesa alipewa na Waingereza, rupia 1,200,000 kwa mwaka kuanzia 1883, baadaye 1,800,000 baada ya kukubali mpaka wa Durand, yaani mpaka na India ya Waingereza, 1893, na silaha juu. Watoto wake hakuwapa mikoa, aliwaweka Kabul chini ya macho yake. Lakini tusimpambe, Ghilzai walipoasi 1886 aliwaponda na kuhamishia maelfu kaskazini, na Wahazara, watu wa milima ya katikati ya nchi, aliwafanyia unyama mkubwa, wengi waliuzwa utumwani.

Na haikudumu. Habibullah alipigwa risasi akiwa kambini kwenye mawindo Februari 1919, ndugu yake Nasrullah akajitangaza Jalalabad, lakini Amanullah, mtoto wa Habibullah, yuko Kabul ameshika hazina na jeshi, akashinda bila hata kupigana. Baadaye mfalme Nadir Shah (si yule wa Uajemi) aliuawa na mwanafunzi 1933, mtoto wake Zahir Shah akakaa kwenye kiti akiwa na miaka 19, nchi ikaendeshwa na baba zake wadogo na baadaye binamu yake Daoud kama waziri mkuu. Katiba ya 1964 ikaja na kifungu kinachowazuia watu wa familia ya mfalme kushika uwaziri au kuingia bungeni. Daoud, ambaye pia alimuoa dada wa mfalme, akawa amefungiwa mlango. Julai 1973 mfalme akiwa Italia akampindua, akafuta ufalme wenyewe, na Zahir Shah akaandika barua ya kujiuzulu mwezi uliofuata kutoka hukohuko, bila kumwaga damu ya binamu yake.