Mwaka wa pili naomba kazi sijaitwa hata intavyu moja, naombeni mnisaidie na CV

binti_makulu
Wakuu habari za jioni. Nimemaliza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) uhasibu, nipo Makulu hapa Dodoma kwa dada. CV nilitengenezewa stesheneri elfu tatu, ina kurasa nne, picha, dini, kabila, kila kitu kipo. Shida ni uzoefu, nina fildi ya wiki nane tu, sa hivi namsaidia mjomba duka la pembejeo. Sehemu ya uzoefu nimeandika "sina ila niko tayari kujifunza". Nakosea wapi jamani?

kaka_nkuhungu
Pole mdogo wangu. Mi nimewahi kuchambua maombi ofisini, nafasi 2 bahasha zaidi ya 200, asubuhi mpaka jioni, na CV kibao zilikuwa na maneno yale yale ya mchapakazi anayeweza kufanya kazi kwenye presha, moja hata tamko la mwisho lilikuwa na jina la mtu mwingine, stesheneri walisahau kufuta! Iliniuma maana huenda kijana wa watu alikuwa mzuri kweli. Dini na kabila toa, haviombwi. Hapo dukani unafanya nini hasa?

mama_wawili_dom
Mdogo wangu kama unaomba serikalini kupitia Ajira Portal (mfumo wa mtandaoni wa maombi ya kazi za serikali) soma tangazo lote mpaka mwisho. Vyeti vithibitishwe na wakili, wadhamini watatu, na provisional (matokeo ya muda) au statement of results (karatasi ya matokeo, si cheti chenyewe) hawapokei. Majina nayo yafanane kwenye vyeti na kitambulisho cha NIDA, yakipishana katafute deed poll (hati ya kisheria ya kubadili jina) mapema, mi lilinigharimu hilo.

binti_makulu
Asanteni sana. Dukani naandika mauzo, na mwezi wa 11 na 12 wakulima wakigombania mbegu za alizeti na mtama ndo balaa. Ila madeni yalikuwa kwenye daftari limechanika, nikayahamishia Excel, tukakuta wateja 41 wanadaiwa milioni 2.3, miezi mitatu tukakusanya 1.1.

kaka_nkuhungu
Sasa dada hiyo si ndo kazi ya uhasibu yenyewe!! Futa "sina uzoefu", andika cheo, duka, tangu lini mpaka lini, afu "nilihamisha madeni ya wateja 41 kutoka daftari kwenda Excel, duka likakusanya sh 1,100,000 kati ya 2,300,000 ndani ya miezi 3". Tangazo likitaka mtu wa kufuatilia madeni hiyo sentensi ipande juu, likitaka mwingine panga upya, usitume CV moja kila mahali. Mjomba usimweke mdhamini, ni ndugu, weka msimamizi wa fildi na uongee naye kwanza maana nimewahi kumpigia mdhamini wa mtu akaniuliza "huyo ni nani?"

binti_makulu
Mungu akubariki kaka. Nimeipunguza imebaki kurasa mbili. Msimamizi wangu alihamia Kondoa ila namba ninayo, kesho asubuhi nampigia.