Lo mein na mboga za bustanini: kwa nini inatoka rojorojo?

Mkulima_wa_Uani

Habari zenu wakuu. Naomba ujuzi kwenye lo mein, zile tambi laini zenye mchuzi mweusi za mikahawa ya Kichina ya hapa Marekani. Bustani ya nyuma ya nyumba, Minnesota, Julai hii inatoa chainizi (baadhi imeanza kurefuka itoe maua), kabichi, karoti, njegere za kula na maganda yake, zukini na vitunguu majani.

Vifaa: jiko la umeme la kioo, kikaango cha tefloni cha sentimita 28. Vipimo: spageti gramu 450, mboga kama kilo moja zinaingia zote kwa pamoja, sosi ya soya robo kikombe, halafu naongeza nikiona rangi haijakolea. Matokeo: maji yanasimama chini ya kikaango, tambi zinashikana na kukatika, chainizi inapauka, chumvi inazidi na rangi bado hafifu. Nimepunguza muda wa kuchemsha tambi, haikusaidia. Kosa liko wapi, na kwa mboga hizi mpangilio wa kupika uweje?

Moto_Juu

Mkuu, kosa ni maji, na mengi yanatoka kwenye mboga. Tambi unazionea tu. Chainizi na zukini ni maji kiasi cha asilimia 95, kabichi 92. Ukimwaga kilo nzima kwenye kikaango cha sentimita 28, chuma kinapoa papo hapo na mboga zinaanza kuvuja kabla hazijakaangika. Piga hesabu: kutoa maji gramu 100 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi mpaka yaishe yote kwa mvuke kunataka kilojuli 260 hivi. Jiko la wati 1,800, hata kama joto lake lote lingeingia kikaangoni, lingetumia karibu dakika mbili na nusu, na joto lote haliingii. Dakika zote hizo mboga zinachemka. Jiko la karai la mkahawani lina nguvu kama mara kumi ya hilo lako, ndiyo maana wao wanatia kila kitu pamoja na kinatoka kikavu. Usiwaige. Wewe pika kwa mafungu.

Punguza mboga kwanza: gramu 400 hadi 450 kwa tambi mbichi za mayai gramu 450 (za kukauka ni 300). Zinatosha watu wanne.

Mboga zioshwe mapema na zikaushwe kweli. Tandaza kwenye taulo safi au kanga kuukuu nusu saa nzima, au zizungushe kwenye kile kikapu cha kukausha saladi. Jani lenye matone linabeba maji ambayo hukuyahesabu.

Sosi ichanganywe kwenye bakuli kabla hujawasha jiko: soya nyepesi vijiko vikubwa 2, soya nyeusi kijiko kikubwa 1 na nusu, sosi ya chaza kijiko kikubwa 1, sukari kijiko cha chai 1, pilipili manga nyeupe robo kijiko cha chai, supu ya kuku vijiko vikubwa 2. Basi. Rangi inaletwa na soya nyeusi, ile nzito yenye utamu kidogo. Soya nyepesi ni ya chumvi, ukiiongeza kutafuta rangi utapata chumvi na rangi hutaiona. Hapo ndipo chakula chako kinapoharibikia.

Kikaango: tefloni haitakiwi kupita nyuzi 260, na ikiwa tupu kwenye moto mkali inafika huko kwa dakika chache. Tafuta karai la Kichina la chuma lenye kitako bapa, sentimita 35, au kile kikaango kizito cheusi cha chuma cha kusubu. Kwenye jiko la kioo karai la kitako cha mviringo halifai, linagusa sehemu ndogo tu. Lipashe moto dakika 4 au 5. Dondosha tone la maji: likikimbiakimbia juu ya chuma kama shanga, tia mafuta kijiko kikubwa 1 na uanze.

Fungu la kwanza ni karoti na mashina ya chainizi, dakika 2. Toa, weka kwenye sinia pana. Usirundike kwenye bakuli, maana mvuke wake utaendelea kuzipika. Pasha karai upya dakika 1, mafuta kidogo, kabichi na njegere dakika 1 na nusu. Toa. Majani ya chainizi sekunde 30, hata yakionekana mabichi kidogo yatoe. Kila fungu lisizidi gramu 200. Na sikiliza: mboga inayokaangika inalia mfululizo kama mvua kwenye bati. Sauti ikishuka ikawa ya kububujika, umejaza mno, toa nusu.

Sasa tambi peke yake. Mafuta kijiko kikubwa 1 na nusu, tandaza, ziache sekunde 45 bila kuzigusa, geuza, nyingine 45. Kitunguu saumu punje 3 na tangawizi kipande cha sentimita 2, zote zimekatwakatwa, zitie pembeni sekunde 15 tu, zikiungua ni chungu. Mimina sosi kuzunguka ukingo wa karai, siyo katikati, ili ichemke inapogusa chuma. Geuza kwa koleo dakika 1 mpaka chini pakauke, rudisha mboga, vitunguu majani, zima moto, mafuta ya ufuta kijiko cha chai 1. Ufuta ukipikwa kwenye moto mkali harufu yake inapotea.

Chujio_Kavu

Nakubaliana na Moto_Juu kwenye moto, ila tambi nazo zina kesi yake.

Spageti imetengenezwa kwa ngano ngumu na maji. Tambi za lo mein zina mayai, na nyingi zina chumvichumvi za kaboneti ya sodiamu na potasiamu, ambazo Wajapani huita kansui. Hizo ndizo zinazoifanya tambi iwe ya manjano, yenye mnyumbuko inapotafunwa na isiyokatika hovyo kwenye karai. Kwa mtu wa Afrika Mashariki si kitu kigeni: magadi ya kulainishia maharage ni ndugu yake kabisa, yana kaboneti hiyo hiyo ya sodiamu. Lakini usitumie magadi ya ziwani kwenye tambi, yana floridi nyingi na kipimo chake hakitabiriki. Na usithubutu kugusa ile soda kali ya kutengenezea sabuni.

Kama huna tambi za Kichina, chukua spageti nyembamba, ichemshe kwenye maji yenye bekingi soda vijiko vya chai 2 kwa kila lita. Sufuria ijae nusu tu, maana povu litapanda kwa kasi na jiko la kioo litachafuka. Onja dakika 2 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, toa ikiwa na kiini kigumu kidogo katikati. Suuza kwa maji baridi mpaka utelezi uishe, vinginevyo itakuwa na ladha ya sabuni. Angalia maandishi vizuri: bekingi pauda ina asidi ndani yake, haifanyi kazi hii.

Wanaokanda tambi zao wenyewe watandaze bekingi soda kwenye karatasi ya alumini, waioke kwenye nyuzi 120 saa nzima. Inapoteza karibu theluthi ya uzito na kuwa kaboneti. Gramu 4 kwa unga gramu 300. Usiishike kwa mkono mtupu, inawasha.

Tambi mbichi zinazouzwa kwenye mafriji ya maduka ya Waasia soma vizuri. Zilizoandikwa lo mein ni nene na zinataka kuchemshwa dakika 2 au 3. Zilizoandikwa chow mein mara nyingi zimeshapikwa kwa mvuke, sekunde 30 hadi 60 za maji moto zinatosha. Ukizichemsha dakika 3 umeshatengeneza uji. Majina yenyewe ni ya Kikantoni: lo ni kuchanganya, chow ni kukaanga, mein ni tambi. Tahadhari ya mikahawani: pwani ya mashariki ya Marekani ukiagiza chow mein unaweza kuletewa tambi za kukauka zinazovunjika kama krispi, zimemwagiwa rojo la kabichi na seleri. Ukitaka laini, sema lo mein.

Kitu cha mwisho ambacho wengi wanaruka: baada ya kusuuza, acha tambi kwenye chujio dakika 10, zichanganye na mafuta vijiko vya chai 2, zitandaze kwenye sinia. Zikikaa kwenye friji saa moja bila kufunikwa ni bora zaidi, uso wake unakauka. Tambi inayong'aa maji ikiingia karaini, wanga wake wa juu unageuka gundi. Ndiyo kule kushikana unakokuona.

Tuta_la_Mboga

Moto_Juu ameeleza mapishi vizuri sana, ila mboga ya bustani haifanani na ya dukani, na wewe mwenye nayo ndiye mwenye bahati.

Vuna asubuhi kabla jua halijapanda, jani likiwa limejaa na kukakamaa. Chainizi ing'oe shina lote, tenganisha majani, osha kwenye beseni mara tatu, maana mchanga hujificha kwenye kitako cha shina. Hiyo inayorefuka usiitupe. Kikonyo cha maua kabla hakijafunguka ni kitamu kuliko majani, kikate vipande vya sentimita 5, kipikwe na mashina. Majani ya chini ya mmea uliokwisha kutoa maua ndiyo yanayokuwa machungu, hayo wape kuku. Kabichi na brokoli za nyumbani huficha viwavi vya kijani: loweka dakika 20 kwenye maji yenye chumvi kijiko kikubwa 1 kwa lita, vitaelea vyenyewe. Kisha suuza na kukausha.

Njegere za maganda zichume ganda likiwa bapa, punje zikionekana kwa mbali tu. Vunja ncha, vuta uzi wa pembeni mpaka mwisho. Uzi huo haulainiki hata upike saa nzima. Karoti zikatwe mshazari unene wa milimita 3, halafu vijiti.

Zukini ndiyo adui wako mkubwa. Ikizidi sentimita 20, moyo wake ni sponji. Kata kwa urefu, toa moyo wote na mbegu, bakiza ganda na nyama unene wa nusu sentimita, kata vijiti, ipike peke yake sekunde 90. Usiitie chumvi kabla, labda ukitaka kuisubiri nusu saa, kuikamua na kupunguza soya.

Nina neno moja la kupinga. Kwa jiko dhaifu, brokoli, maharage machanga na karoti nene ni afadhali zipitishwe kwenye maji yanayochemka yenye chumvi dakika 1 hadi 2, kisha maji baridi, kisha taulo. Mikahawa mingi inafanya hivyo hivyo na inaokoa muda wa karai. Majani usiyapitishe kamwe.

Mkulima_wa_Uani

Asanteni sana wakuu, sasa naelewa yale maji yalikotoka. Mawili yamebaki. Mapishi mengi yanataja mvinyo wa Shaoxing (mvinyo wa mchele wa Kichina), hapa nyumbani hatutumii pombe. Na sukuma wiki inaanza kuwa nyingi, pamoja na choroko kavu nilizo nazo kwa ajili ya kuchipusha. Zinaingiaje?

Moto_Juu

Mvinyo uache bila wasiwasi. Weka supu kijiko kikubwa 1 na siki ya mchele nusu kijiko cha chai. Angalia pia lebo ya sosi, kuna soya zinazoongezwa alkoholi kama kihifadhi, na huandikwa kwenye viambato. Sukuma wiki ondoa mshipa wa kati, kunja majani kama sigara, kata nyembamba milimita 3 kama ya ugali, ipike dakika 2 na nusu fungu lake peke yake. Inavuja kidogo kuliko chainizi, kwa hiyo kwa jiko lako ni mboga nzuri sana.

Tuta_la_Mboga

Choroko nusu kikombe inatoa chipukizi za kutosha mara kadhaa. Chagua, toa zilizovunjika, loweka saa 8 hadi 12. Weka kwenye chombo chenye matundu chini, funika kitambaa kibichi, na juu yake sahani yenye uzito wa nusu kilo hivi. Uzito ndio unaozifanya ziwe nene. Zisipoelemewa zinatoka nyembamba na ndefu. Ziwe gizani, maana mwanga unazifanya kijani na chungu. Mimina maji safi baridi mara 3 kwa siku na yachuje yote, yakisimama chini zinaoza na utaijua harufu. Siku ya 4 au 5 zina urefu wa sentimita 4 hadi 5, tayari.

Vijidudu vinapenda joto na unyevu huo huo wa chipukizi, kwa hiyo usizile mbichi. Zitie karaini na tambi kabla ya sosi, dakika 2 moto mkali, ziive. Gramu 100 zinatosha, na punguza kabichi kwa kiasi hicho hicho.