Ramani ya mawazo imenizidi nguvu, niiwache?

BiWete

Assalaam aleikum. Nipo Wete, Pemba. Tangu marehemu baba atutoke, mambo ya nyumba yako mikononi mwangu: hati za mashamba mawili ya mikarafuu, malipo ya wachumaji, skuli za watoto watatu, na matibabu ya mama, ana sukari na presha.

Mwaka jana nilianza kuchora ramani ya mawazo kwa kalamu za rangi juu ya karatasi ya manila. Katikati niliandika "Nyumbani", matawi yakatoka. Wallahi nilifurahi, mambo yangu yote niliyaona kwa mara moja. Baadae nikaihamishia kwenye kompyuta, programu ya Freeplane, kwa kuwa ni ya bure na haitaki intaneti. Hapo ndipo ilipoharibika. Kila nilichokipata nikakitia: namba za stakabadhi, pishi za kila mchumaji kila siku, tarehe za kliniki, hata nauli za boti.

Juzi usiku sukari ya mama ilishuka. Hospitali daktari ananiuliza anatumia dawa gani na kiasi gani. Picha ya ramani ninayo kwenye simu. Naikuza, naisogeza kushoto, naisogeza kulia, herufi kama sisimizi, na mama yuko kitandani jasho linamtoka. Mwisho mdogo wangu akarudi nyumbani kwa bodaboda kuchukua paketi za vidonge. Alhamdulillah mama hajambo sasa, lakini ramani nimeichukia.

MwalimuChake

Wa aleikum salaam dada, pole sana. Usiiwache. Tony Buzan, Mwingereza aliyeieneza njia hii miaka ya 1970, alisisitiza neno moja kwa kila tawi. Wengi hulidharau sharti hili, na mimi naona ndiyo roho ya ramani yenyewe. Wewe umelipandisha daftari zima juu ya matawi. Karafuu hatuzipimi pishi zikiwa mtini! Hesabu za wachumaji zitie kwenye jadweli, zijumlishwe huko. Tarehe za kliniki zitie kwenye kalenda ya simu ikupigie kengele. Ramani ikwambie kitu kiko wapi na kinahusiana na nini, basi.

Nesi_Mkoani

Dawa za mama zisitegemee kompyuta wala chaji. Andika kadi moja: jina la dawa, miligramu, saa za kumeza, na dawa zinazomdhuru. Ikae ndani ya pochi yake, na uipige picha. Dawa ikibadilishwa, andika kadi mpya siku hiyo hiyo na ya zamani uichane. Kadi mbili ni hatari kuliko kukosa kadi.

Mtumwajeni

Mwalimu, hapo umekaza kidogo. Freeplane inakunja matawi, ina sehemu ya kutafuta neno, na tawi unaweza kuliunganisha na faili, ukibonyeza hati inafunguka. Kilichomponza dada ni ile picha: ukishaigeuza ramani kuwa picha, hakikunjiki kitu wala hakitafutiki. Tena "Mama" anastahiki ramani yake mwenyewe.

BiWete

Ahsanteni, Mungu akulipeni. Jana baada ya isha nimekaa nikapogoa. "Mama" sasa ana ramani yake, ina matawi matatu: Kliniki, Chakula, Dawa. Kwenye Dawa nimeandika "pochi ya kijani". Kwenye Mashamba nimeandika "bahasha 3, kasha la baba", na mdogo wangu nikamjaribu aitafute, kaileta kabla chai haijapoa.

Kimoja tu nimekiwacha kwa maneno marefu, mwalimu unisamehe: makubaliano ya mdomo baina ya baba na ami juu ya mikarafuu mitatu ya mpakani. Hayana karatasi wala bahasha. Yatabaki pale juu, kwa wino mwekundu, mpaka ami aje tuyaandike mbele ya mashahidi.