Fomu ya maziwa kwenye Access: mfugaji akae juu au kwenye mistari?

karani_rungwe
Wakuu, habari za jioni. Nipo kituo cha kukusanya maziwa huku Rungwe, nahamishia daftari kwenye Access (programu ya Microsoft ya kutunza data kwenye majedwali). Nina majedwali mawili: Wafugaji (namba, jina, kitongoji, simu) na Mapokezi (tarehe, asubuhi/jioni, lita, namba ya mfugaji). Access yenyewe imenitengenezea fomu: mfugaji juu, mapokezi yake chini. Kwa kuangalia inapendeza. Sasa njoo alfajiri watu wamepanga foleni na ndoo! Kila mmoja nimtafute jina, nishuke chini, niandike tarehe ile ile, zamu ile ile, ndipo lita. Nikiandika moja kwa moja kwenye jedwali la Mapokezi, namba ikikosewa linagoma, eti lazima kuwe na rekodi inayohusiana kwenye Wafugaji. Niuzime tu huo ulinzi?

mama_jedwali
Usiuzime hata kidogo. Ukizima, mwisho wa mwezi utakuwa na lita za mtu asiyekuwepo na hujui umlipe nani.

Fomu hiyo si mbaya, ila ni ya siku ya malipo, mfugaji akija kuuliza hesabu yake. Ya foleni ni nyingine. Fungua daftari lako: tarehe na zamu zimeandikwa mara moja juu ya ukurasa, watu wako chini. Fuata hivyo hivyo. Ongeza jedwali la Zamu: ZamuID (AutoNumber, yaani namba inayojitoa yenyewe), tarehe, kipindi (asubuhi/jioni), bei ya lita. Kwenye Mapokezi futa tarehe na kipindi, weka ZamuID ya aina ya Number, Long Integer. Usiweke AutoNumber pale. Fomu kuu iwe Zamu, fomu ndogo iwe Mapokezi, na kwenye sifa za fomu ndogo, ZamuID ijazwe kwenye Link Master Fields na Link Child Fields. Baada ya hapo Access inaijaza yenyewe kila mstari.

Mfugaji mweke kwenye combo box, kile kisanduku chenye orodha ya kuchagulia. Wengi watakwambia ufiche namba lionekane jina tu. Kwa Rungwe sikushauri: ukiandika "Mwa" itakuletea nusu ya kijiji. Acha namba iwe safu ya kwanza, jina lifuate. Unaandika namba, Tab, lita, Enter, mwingine.

karani_rungwe
Hahaa, umetujua kweli dada. Na mgeni akitokea katikati ya foleni?

mama_jedwali
Kwenye sifa za hiyo combo box, Limit To List iwe Yes, halafu kwenye List Items Edit Form taja fomu ya Wafugaji. Namba isiyokuwepo, Access itakuuliza kama unataka kuhariri orodha, ukikubali inafungua fomu hiyo.

fundi_wa_mbalizi
Naongezea: bei kukaa kwenye Zamu ni sahihi kabisa. Ukiiweka sehemu moja tu ya programu, siku ikipanda na madeni ya nyuma yanapanda. Ila mimi ningefunga pia faharasa ya pekee (unique index) kwa ZamuID na namba ya mfugaji, mtu asiandikwe mara mbili zamu moja.

mama_jedwali
Hapo sikubaliani, fundi. Mtu analeta ndoo ya kwanza, anarudi nyumbani kufuata ya pili, na kila ndoo inapimwa peke yake. Moja inaweza kukataliwa nyingine ikapokelewa. Ibaki mistari miwili, na swali (query) la kuonyesha waliojirudia karani aliendeshe kabla hajafunga zamu.