Kikundi cha familia: siku tatu za mwisho za Mama melini

Jumatano

Dada Mkubwa: Hamjambo jamani. Mtandao umerudi. Habari zenyewe si nzuri, kisiwa cha La Digue hapa Shelisheli hatushuki.

Kitinda: Haa! Kwa nini tena?

Dada Mkubwa: Mawimbi. Meli kubwa kama hii haifungi gati pale, inatia nanga nje na watu wanashushwa kwa boti. Boti ya kwanza waliyoiteremsha alfajiri ilikuwa inapanda na kushuka ubavuni mwa meli, hata mabaharia wenyewe walikuwa wanashindwa kuishika. Saa mbili nahodha akatangaza, hakuna kushuka.

Kaka: Pole sana dada. Na ndiyo siku uliyokuwa unaisubiri.

Dada Mkubwa: Miaka miwili picha ya ufukwe wake wa Anse Source d'Argent iko kwenye kioo cha simu yangu. Yale majabali makubwa ya matale, na mchanga katikati yake. Sasa kisiwa kiko mbele yangu, nakiona hadi minazi, na siwezi kukikanyaga. Nimelia, sitawaficha.

Mjomba: Mpwa wangu, pole. Lakini nahodha amefanya haki. Nimeshusha watu ubavuni mwa meli miaka mingi. Hatari ni pale mguu mmoja uko melini na mwingine uko botini. Boti ikiporomoka wakati huo, mtu wa umri wa mama yako anavunjika. Na gati la huko, La Passe, linatazama magharibi. Kaskazi haijaisha, mawimbi yanaingia moja kwa moja.

Dada Mkubwa: Naelewa Mjomba. Inauma tu.

Wifi: Acha iume, wifi. Una haki. Mama yeye anasemaje?

Mama: Mimi mzima wanangu. Niko juu kwenye kiti tangu saa kumi na mbili. Kisiwa nimekiona vizuri. Juu kijani, chini mawe ya kijivu, wingu dogo limekaa kileleni haliondoki. Mtulizeni dada yenu, hajatia kitu kinywani.

Kaka: Dada, kula kwanza. Halafu ile safari ya baiskeli mliyoilipia inakuwaje?

Dada Mkubwa: Tuliilipia melini, kwa hiyo wanairudisha yote kwenye akaunti yetu. Maskini ni wale waliopanga wenyewe na watu wa nje, wako kwenye simu mpaka sasa. Tunahamia kisiwa cha Praslin, ni hapo jirani. Tutatia nanga mbele ya Baie Sainte Anne, ghuba lake limejikinga. Badala ya siku moja tutakaa hadi kesho jioni.

Mjomba: Praslin! Basi mpeleke mama yako msitu wa Vallée de Mai leo leo. Usingoje kesho, baharini hakuna anayeijua kesho.

*(saa kumi na mbili na nusu jioni)*

Mama: (picha)

Mama: (picha)

Mama: Hiyo ndiyo coco de mer, nazi ya bahari. Msiangalie picha mkadhani mmeiona. Nimeambiwa nijaribu kuinyanyua moja, nimeinyanyua kwa mikono miwili na kuirudisha chini haraka. Mwongozaji anasema mbegu moja inaweza kufika kilo 25, hakuna mmea duniani wenye mbegu nzito kuishinda.

Kitinda: Mama umeinyanyua na mgongo huo?

Mama: Sentimita chache tu mwanangu. Sikiliza bado. Tunda linachukua miaka sita au saba kukomaa. Kuna mti dume na mti jike. Nilipokuwa nasimama chini yake mvua ikaanza. Majani yake ni mapana kama paa, yamejikunja kama mifereji, maji yote yanakusanywa na kuteremka kwenye shina hadi mizizini. Tumesimama tukayaona yakiteremka, na mbali kidogo na shina, chini ya majani hayo, ardhi karibu kavu. Mti unajinywesha wenyewe! Nimesema Subhanallah mpaka mwongozaji akatabasamu.

Mjomba: Dada, hizo nazi mabaharia wa zamani walikuwa wanaziokota zikielea katikati ya bahari bila kujua zinatoka wapi. Wakasema mti wake umeota chini ya maji, ndiyo maana zikaitwa nazi za bahari. Nyingi zilifika Maldivi, hata jina lake la kisayansi likabeba Maldivi, na huko haukuwahi kuota hata mmoja.

Mama: Na kwa nini haukuota, kama zilifika?

Mjomba: Iliyo hai inazama, dada. Inayoelea imekwisha oza ndani, imebaki kifuu.

Mama: Ala! Hilo mwongozaji hakutuambia.

Dada Mkubwa: Kasuku mweusi tumemsikia mara mbili, hakujitokeza. Nimekula. Nimefurahi, kusema kweli. Msitu ule una kivuli cha kijani, hata sauti zetu zilishuka zenyewe.

Alhamisi

Wifi: Mama, mjukuu wako ameng'ang'ania simu.

Wifi: bibi ni mimi. niletee kombe kubwa la kusikiliza bahari

Mama: Nimekusikia mume wangu. Leo tunakwenda kisiwa cha makobe, nitakutazamia.

*(saa saba mchana)*

Dada Mkubwa: Tumerudi kutoka Curieuse. Upepo umelegea, boti leo zimetulia. Makobe ya Aldabra yanatembea huru, njiani, ufukweni, chini ya meza za kupumzikia. Dume kubwa linafika kilo 250. Mama amemkuna mmoja shingoni. Basi yule kobe akanyoosha shingo yote, akainuka kwa miguu minne akasimama wima, hakutaka Mama aache. Robo saa nzima.

Mama: Ngozi yake ni baridi halafu laini chini ya kidevu, sikutegemea. Na kuna nyumba ya zamani ya daktari. Kisiwa hicho walikuwa wanawekwa wagonjwa wa ukoma, hadi 1965. Pazuri vile, na watu waliishi pale hawaruhusiwi kuondoka. Nimekaa barazani nikawaombea.

Kaka: Amina.

Mama: Sasa mwambieni mjukuu wangu. Kombe nililipata, zuri, la rangi ya maziwa. Askari wa hifadhi akanijia kwa adabu sana, akasema mama, humu hatuokoti kombe wala tumbawe. Akaligeuza anionyeshe. Ndani mlikuwa na kaa mdogo, amejikunja, kumbe ndiyo nyumba yake. Nimelirudisha nilipolitoa.

Wifi: Amesikia. Amenuna kidogo, anauliza huyo kaa alikuwa na macho.

Mama: Alikuwa nayo mawili, yamesimama kama vijiti. Mwambie sijamsahau, nitampelekea kitu kingine.

Kitinda: Dada, meli inaondoka saa ngapi Praslin?

Dada Mkubwa: Saa kumi na mbili jioni. Kesho asubuhi bandari ya Victoria, kisiwani Mahé, ndiyo mwisho. Nimeanza kufunga mizigo. Wametupa vibandiko vya kijani vyenye namba, masanduku yawe nje ya mlango kabla ya saa nne usiku, wanayachukua na tunayakuta bandarini. Nina orodha ndefu. Kuangalia hesabu, kurudisha taulo za ufukweni, kujaza fomu...

Kitinda: Bakisha nguo za kesho na viatu! Mwaka ule rafiki yangu alifunga kila kitu, akashuka na kanzu ya kulalia.

Mjomba: Toka Praslin hadi Mahé ni kama kilomita 45 tu. Meli itakwenda polepole usiku kucha kupoteza muda. Usiku wa namna hiyo ndio mzuri kuliko yote, hakuna mtikisiko.

*(saa kumi na mbili na dakika kumi jioni)*

Mama: Tumeng'oa nanga. Niko tezi, nyuma ya meli, peke yangu na kizee mmoja na mkewe. Jua linazama nyuma ya Praslin. Popo wakubwa wameanza kutoka mitini, mmoja mmoja, wanapiga mabawa taratibu kama kunguru. Maji nyuma ya meli meupe yanajikunjua. Mwambieni dada yenu aache masanduku aje aone. Nimempigia simu ya chumbani anasema dakika tano, na hizo dakika tano ni za tatu sasa.

Kaka: Dada nenda basi.

Kitinda: Dada nenda!

Dada Mkubwa: Nakuja, nakunja hizi za mwisho.

Mama: Limezama.

*(saa tano na dakika ishirini usiku)*

Dada Mkubwa: Nani yuko macho

Wifi: Mimi, niko zamu. Kuna nini?

Dada Mkubwa: Dawa za presha za Mama. Nilizitia kwenye sanduku kubwa. Sanduku limeshachukuliwa. Mfuko mzima umo humo. Sijui nilifikiria nini

Wifi: Tulia, wifi. Nijibu kimoja kimoja. Cha leo usiku amemeza?

Dada Mkubwa: Hapana. Ndiyo kwanza alikuwa anakitafuta.

Wifi: Kichwa kinamuuma? Kifua? Anaona sawasawa?

Dada Mkubwa: Hana chochote. Yuko kitandani ananitazama mimi.

Wifi: Vizuri. Presha yake ilikuwa imetulia, kidonge kikichelewa saa chache tutavuka. Jambo moja ulishike, kikikosekana kabisa leo, asubuhi asimeze viwili kufidia. Kimoja chake tu. Sasa nenda mapokezi mwenyewe, usipige simu. Waambie ni dawa za mama mtu mzima, wape rangi ya kibandiko na namba. Wakishindwa, waombe wakuitie daktari wa meli, yupo hata usiku. Una picha ya maboksi ya dawa?

Dada Mkubwa: Sina.

Wifi: Ninayo mimi. Natuma.

Wifi: (picha)

Mjomba: Nimeamshwa na simu. Mpwa wangu, masanduku yanapangwa chini kwa rangi, hayakutupwa ovyo. Ukiwapa kijani na namba yako wanakwenda safu moja tu. Wewe usishuke nao, abiria haruhusiwi huko.

Kaka: Nami niko macho. Tuko pamoja dada.

*(saa sita na dakika kumi)*

Dada Mkubwa: Limepatikana. Mhudumu wa chumba chetu alikuwa ameshamaliza kazi, akarudi akavaa sare, akashuka na mwenzake. Safu ya tatu ya kijani. Ameleta mfuko wa dawa mkononi, sanduku wakalirudisha. Nimeshindwa hata kumshukuru vizuri, koo lilikaba.

Wifi: Alhamdulillah. Ameze sasa hivi, na cha kesho ameze saa ile ile ya kawaida yake.

Mama: Nimemeza. Laleni wanangu. Mkwe wangu, Mungu akulinde na zamu yako.

Dada Mkubwa: Naomba niseme hapa mbele yenu. Tangu juzi La Digue ilipofutwa, mimi nilishaondoka kwenye safari hii. Nilikuwa nahesabu mizigo, fomu, ndege. Mama ameniita tezi mara tatu, nikawa nakunja nguo ambazo nyumbani zitafuliwa zote. Na haraka ile ile ndiyo iliyozitia dawa sandukuni. Nisamehe Mama.

Mama: Ulinileta hapa kwa jasho lako, nikusamehe nini? Weka saa ya kuamka. Saa kumi na moja alfajiri, mimi na wewe, omo, mbele ya meli.

Ijumaa

Dada Mkubwa: (picha)

Dada Mkubwa: Saa kumi na moja na nusu. Tumejifunika blanketi moja. Mahé bado ni taa tu, na juu yake giza lenye umbo la mlima. Mjomba ule ni upi?

Mjomba: Morne Seychellois. Mita 905, mrefu kuliko yote Shelisheli. Kukianza kupambazuka utaona wingu limeushika kiunoni. Rubani wa bandari amepanda?

Dada Mkubwa: Boti yake ndiyo inasogea. Inakwenda sambamba nasi, ngazi ya kamba imeteremshwa. Ameruka! Ameshika. Mama amepiga makofi.

Mjomba: Hapo sasa.

Dada Mkubwa: Naweka simu chini jamani. Nitawaandikia tukishashuka.

*(saa nne asubuhi)*

Dada Mkubwa: Tumeshuka. Kijani tuliitwa wa pili. Kwenye hesabu kulikuwa na kitu kimoja kisicho chetu, wamekifuta hapo hapo. Yule mhudumu nilimkuta kwenye ukumbi, Mama amemshika mikono yote miwili akamwombea dua kwa Kiswahili. Sijui kama alielewa maneno, lakini aliinamisha kichwa mpaka Mama alipomaliza.

Mama: Tuko uwanja wa ndege. Nimekaa kwenye kiti na kiti kinatembea. Nikifumba macho niko melini.

Wifi: Hiyo ni kawaida Mama, mwili ulizoea kuyumba. Siku moja mbili itaisha. Kunywa maji, usisimame ghafla, mshike wifi mkono kwenye ngazi. Ikikaa wiki kadhaa ndiyo tutamwona daktari.

Kaka: Nitakuwepo kuwapokea. Saa ya ndege ni ile ile?

Dada Mkubwa: Ile ile.

Mama: (ujumbe wa sauti, 0:48)

Mama: Huo ni wa mjukuu wangu. Nimeurekodi alfajiri pale omo, maji yakipasuka chini ya meli. Aweke simu sikioni kama kombe.

Wifi: Ameusikiliza mara tatu. Anasema katikati kuna mtu anacheka.

Mama: Ni shangazi yake huyo, rubani aliporuka. Mwambie asilale kabla sijafika, nina habari za kobe aliyesimama wima.